Ndugu wa Redio

Jambo ambalo Zipu alilichukia kuliko kuchomwa na sindano yake mwenyewe ni kumwomba mtu kitu.

Alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo kuukuu la ghorofa, mahali ambapo mtu mzima akisimama ghafla huambulia nundu ya kichwa. Kutwa nzima alikaa pale juu ya kigoda, kiatu magotini na uso chini, akishona, akigonga misumari, akipaka gundi. Wateja wake aliwajua kwa miguu. Huyu kisigino chake huliwa upande wa nje, yule hutembea kama anayekimbizwa, na yule mwingine ana kidole gumba kikorofi ambacho kimetoboa kila kiatu alichowahi kuvaa. Sura zao hakuwa na habari nazo. Jina la Zipu alipewa tangu utotoni, kwenye nyumba ya kulelea watoto wasio na wazazi, kwa sababu mdomo wake ulifunguka kwa shida na kufungwa upesi.

Shoga yake aliitwa Redio, na jina hilo linajieleza lenyewe. Walilelewa pamoja, kitanda kimoja cha ghorofa, Redio juu na Zipu chini, na usiku mwingi Zipu alilala huku maneno yakiendelea kumnyeshea kutoka juu. Sasa walikuwa wakubwa, wamepanga chumba kimoja, na Redio aliuza chai. Kila asubuhi alitoka na chupa zake kubwa za chai na kikapu cha vikombe, akapita gereji, akapita sokoni, akapita kwa kinyozi aliyetazamana na kibanda cha Zipu, na popote alipopita aliacha kicheko nyuma yake.

Siku walipoondoka kwenye ile nyumba ya malezi walipewa begi moja moja na kushikwa mkono. Wiki hiyo hiyo wakajifunza kwamba ulimwenguni kuna swali moja linaloulizwa kila mlangoni. Ukitaka chumba: nyuma yako kuna nani? Ukitaka kazi: umeletwa na nani? Ukiugua: jamaa zako wako wapi? Swali lilikuwa moja, ila hawa wawili walilijibu kila mtu kivyake. Zipu alisema moyoni, kama sina mtu, basi nitaishi kama asiyehitaji mtu. Redio alisema kwa sauti, tena mbele ya mwenye nyumba aliyekuwa akiwakatalia chumba, "Watu hatuna, baba, lakini tupe muda kidogo."

Jambo hili liliwagombanisha mara kwa mara.

"Unakwenda wapi na kanga mbili?" Zipu alimuuliza siku moja.

"Msibani. Bi Spana wa gereji amefiwa na mama."

"Ulimjua huyo mama?"

"Sikumjua hata kidogo. Namjua Bi Spana."

"Sasa utafaidika nini huko?"

Redio akamtazama kama anayemtazama mtu aliyevaa viatu kinyume. "Nitakaa naye chini, Zipu. Msibani watu hukaa. Wewe ulitaka nifaidike nini?"

Zipu akarudi kwenye kiatu chake akinung'unika kwamba miguu ya shoga yake inachakaa bure.

Kisha Redio akaolewa na utingo wa lori, kijana mpole asiye na makuu, naye kwao kulikuwa mbali na kumetawanyika. Mimba ikaingia. Redio aliendelea kuuza chai hadi tumbo likawa linatangulia kona kabla yake. Mwezi wa mwisho ulipokaribia, lori la mumewe lilikuwa njiani nchi za mbali, mahali ambapo simu huita ikakata, ikaita ikakata.

Asubuhi moja Redio aliamka, akatazama shuka lililolowa damu, na kwa mara ya kwanza tangu Zipu amjue, akakosa la kusema.

* * *

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho ya mtu aliyekunywa kahawa badala ya kulala. Alimtoa Zipu nje ya wodi, wakasimama ukutani.

"Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto," alisema. "Damu imesimama kwa sasa, lakini ikianza tena haitatusubiri tujipange. Kesho asubuhi tunampasua."

"Mpasueni," alisema Zipu.

"Tutampasua. Lakini siwezi kuingia chumba cha upasuaji bila damu ya akiba, na iliyobaki kwenye friji yetu ni ya kutia aibu. Leta ndugu zake. Tena waje wengi, maana si kila damu itamfaa. Isiyomfaa yeye tutabadilishana na hospitali nyingine. Na waje leo, jua halijashuka, kwa sababu ni lazima ipimwe kwanza."

"Ndugu," Zipu alirudia, kama mtu anayesoma kibao kilichoandikwa kwa lugha ya kigeni.

"Wewe ni nani wake?"

Zipu akafikiri. "Yeye alilala juu, mimi chini."

Daktari akamtazama, akaelewa au hakuelewa, akasema, "Dada yake, basi. Anza wewe."

Zipu alikwenda chumba cha kutolea damu karibu mbio. Hapa sasa palikuwa mahali pake: jambo la kufanywa, na yeye mwenyewe wa kulifanya. Alikwisha kukunja mkono wa gauni hadi begani. Mpimaji, mwanamume mnene mwenye utani, akampandisha kwenye mizani. Akatazama mizani. Akamtazama Zipu. Akatazama mizani tena.

"Dada, huu ni uzito wako au wa nguo?"

"Toa tu. Toa nyingi."

"Siwezi, mama. Nikikutoa wewe damu nitakuwa na wagonjwa wawili. Nenda ukale, urudi mwakani. Leo niletee watu."

Zipu akashuka kwenye mizani, akakunjua mkono wa gauni, akatoka nje. Alisimama uani kwenye jua kali akasikia baridi. Miaka yote alikuwa amejitegemea yeye mwenyewe, na leo yeye mwenyewe hakutosha.

* * *

Mtu mkubwa aliyemjua alikuwa mmoja tu. Wao walimwita Mfadhili. Kila mwaka alifika pale kwenye nyumba ya malezi na magunia ya chakula na mpiga picha, na kila mwaka alimwekea Zipu mkono begani, akatabasamu mbele ya kamera, akasema, "Mkipata shida yoyote, mimi ni baba yenu." Zipu hakuwa amesahau. Alipiga moyo konde akaenda ofisini kwake, jengo la vioo, sakafu inayong'aa hadi unaona nyayo zako.

Dada wa mapokezi hakuwa na kiburi. Alimsikiliza hadi mwisho, akainua simu, akazungumza kwa sauti ya chini, kisha akaufunika mkono wa simu.

"Anauliza, wewe ni yupi?"

"Yule wa kwenye picha," alisema Zipu. "Aliniwekea mkono begani."

Dada wa mapokezi alilirudia hilo kwenye simu. Akasikiliza. Alipoweka simu chini alikuwa ameinamisha macho. "Anasema picha ni nyingi. Ana mikutano. Anasema ukiandika, wiki ijayo ataliangalia."

"Wiki ijayo," alisema Zipu. Hakuwa na hasira. Alishangaa tu jinsi jambo lilivyokuwa rahisi kuonekana likishawekwa kwenye mwanga. Yeye alimjua Mfadhili. Mfadhili hakumjua yeye. Aliaga, na kwa mazoea akatazama chini alipokuwa akigeuka: kiatu cha kushoto cha yule dada kilikuwa kimepasuka kisiginoni, kikashikizwa kwa gundi ya karatasi.

Alirudi kibandani kwake kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Akakaa kwenye kigoda. Akachukua kiatu, akakiweka, akachukua kingine, akakiweka.

Ng'ambo ya korido, kinyozi alikuwa kazini, mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mwalimu mmoja wa shule ya jirani. "We Zipu!" aliita bila kugeuka. "Leo chai imepotelea wapi? Nimekauka koo."

Zipu akafungua mdomo. Maneno yalikaa pale kooni kama mfupa. Akameza mate. Akasimama, akagonga kichwa kwenye ngazi, na pengine ni ule uchungu uliomzibua.

"Redio yuko hospitali," alisema. "Kesho anapasuliwa. Anahitaji damu leo, na mimi wamenikataa, nina uzito wa nguo, na sijui nimwombe nani."

Mashine ikanyamaza.

"Redio wetu?" alisema kinyozi. "Na wewe umekaa hapo unashikashika viatu! Mbona hukusema?"

"Si nasema sasa?"

Kinyozi alishachomoa waya ukutani. Mwalimu, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine una nywele kama msitu, akashika viegemeo vya kiti. "Wewe bwana, na kichwa changu?"

"Mwalimu, nywele zitaota, nitazinyoa. Simama twende."

"Twende wapi?"

"Kutoa damu. Una damu au huna?"

Mwalimu akajitazama kwenye kioo, akaguna, akavua kitambaa cha shingoni. Kinyozi aliteremsha mlango wa chuma kwa kishindo, kisha akamgeukia Zipu. "Unajua nilipofungua hapa nilikaa nikinyoa hewa? Mtu haingii. Huyu Redio akawa anakuja na mteja mmoja mmoja, anamkalisha, anampa kikombe, anamwambia, kunywa kwanza, huyu kaka mkono wake mwepesi. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo mbele yangu."

Zipu alikuwa amekaa hapo hapo. Alichokumbuka ni kelele tu.

"Sasa sikiliza," alisema kinyozi. "Sisi tunatangulia. Wewe pita njia yake ya chai."

"Mimi siijui."

"Hata kuku wa mtaa huu wanaijua. Uliza."

* * *

Gereji ilikuwa imejaa moshi na vyuma. Bi Spana, mwenye gereji, mwanamke mpana mwenye sauti ya honi, alikuwa ameinamia injini inayounguruma, na mafundi wake walizungumza kwa ishara za mikono. Zipu alisimama mlangoni akasema alilokuja kusema. Hakuna aliyesikia. Akasema tena. Fundi mmoja akamwashiria kwamba viatu wanavaa vya chuma, hawana cha kushona. Basi Zipu akajaza mapafu na kupiga kelele kwa nguvu zake zote, na ni wakati huo huo Bi Spana alipozima injini.

"REDIO ANATAKA DAMU!"

Sauti ikagonga mabati, ikarudi. Spana ikaanguka mahali. Watu wote waligeuka, na Zipu akahisi masikio yake yanawaka moto.

Bi Spana alifuta mikono kwa tambara, polepole, kidole kwa kidole. "Mama yangu alipofariki," alisema, "jamaa zangu walikuja wakaanza kupima vyumba. Huyu mtoto alikuja na kanga zake, akakaa kwenye mkeka, akanishika mguu. Hakusema kitu. Redio, unaelewa? Hakusema kitu." Akatupa tambara. "Nani hapa hajala? Kula sasa hivi, hospitali hawachukui mtu mwenye njaa. Wengine ingieni kwenye gari."

Sokoni, wachukuzi walikuwa wamepumzika juu ya magunia matupu. Hapa Zipu hakupiga kelele. Alianza kueleza kwa nyapara wao, uso chini kama kawaida yake, na huko chini akaona kandambili ya ngozi, na ndani yake kidole gumba kikorofi anachokijua vizuri. Akainua macho. Kumbe kidole kile kilikuwa na mwenyewe: mzee wa makamo, mabega mapana, makunyanzi ya kicheko pembeni mwa macho.

"Hatimaye," alisema nyapara. "Nilidhani una shingo ya chuma."

"Samahani, mzee."

"Samahani ya nini? Nilikuletea kiatu hiki nikakwambia shona mara moja, ukashona mara mbili, hukuniambia. Unafikiri sikuona? Nimebeba nacho mizigo ya dunia nzima."

"Mbona hukusema?"

"Nilikushukuru, binti. Wewe ndiye hukuinua uso." Akageukia wenzake. "Haya, wazee! Redio wa chai yuko hospitali, na huyu ni dada yake, fundi wa chini ya ngazi. Nani ana nguvu ya kubeba gunia akakosa ya kutoa kichupa cha damu?"

Wakasimama. Zipu hakurudisha uso chini. Akabaki akiwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayejifunza kusoma.

* * *

Palibaki mahali pamoja, penye taa za barabarani, ambapo vijana watatu walisafisha vioo vya magari yaliyosimama. Zipu aliwajua kwa sura, kwa sababu walitoka nyumba ile ile ya malezi, nyuma yao kidogo. Na kwa miaka alikuwa akizunguka mtaa wa pili ili asipite hapo. Alijiambia ni kwa sababu wangemwomba kitu. Ukweli ni kwamba kila alipowaona aliona jinsi mtu anavyoweza kutoka na begi moja akaishia barabarani, na hofu ikamshika.

Mkubwa wao, waliyemwita Kioo, alimwona akija akapiga mluzi. "Dada Zipu! Leo umepotea njia?"

"Sikupotea. Nimewafuata."

Akawaeleza. Wakaacha vioo vya magari. Redio alikuwa akiwamiminia chai ya mwisho ya chupa kila siku, na akikosa chai anawamiminia habari.

"Sisi tunakwenda hata sasa hivi," alisema Kioo, akikamua tambara lake. "Lakini pale getini walinzi wakituona tu wanashika virungu. Na hata tukiingia, dada, damu yetu wataitaka?"

"Sijui," alisema Zipu. "Twendeni tukawaulize."

Walipofika, foleni ilikuwa imetoka chumba cha kutolea damu, imepita uani, imefika karibu na lango. Mafundi kwa wachukuzi, na katikati yao mwalimu mwenye nusu kichwa, akiwaeleza waliomzunguka kwamba si mtindo mpya. Mlinzi aliwaona wale vijana kutoka mbali, akajiweka katikati ya njia.

"Nyinyi, geuzeni hapo hapo."

"Wanakuja kutoa damu," alisema Zipu.

"Hawa? Hawa wanakuja kutoa simu za wagonjwa mifukoni."

Kioo alikwisha kugeuka, bila hata kubishana, kwa wepesi wa mtu aliyezoea. Ule wepesi ndio uliomchoma Zipu. Akamshika mkono akamrudisha.

"Ni ndugu zangu," alisema.

"Wote watatu? Mama mmoja?"

"Mama hatuna. Hawa ni ndugu zangu, na aliyelala mle ndani ni dada yetu. Wakichukua hata kijiti cha kiberiti, nikamate mimi."

Mlinzi akamkagua juu hadi chini, gauni lenye madoa ya gundi, mikono yenye rangi ya viatu. "Na wewe nani anakujua?"

Lilikuwa lile swali lenyewe. Zipu alilitambua kama unavyomtambua mbwa aliyewahi kukuuma. Safari zote za nyuma lilipoulizwa, kilichofuata kilikuwa kimya.

"MIMI NAMJUA!" ilipiga honi kutoka kwenye foleni. Bi Spana alikuwa ametoka mahali pake, anakuja, pamba imebanwa mkononi.

"Mimi pia namjua," alisema kinyozi.

"Amenishonea viatu," alisema nyapara, na mguu akauinua kama ushahidi. "Mwulize na huyu, na yule pale."

"Nami nimemjua leo asubuhi," alisema mwalimu, "na imenigharimu nusu ya nywele. Wapishe!"

Foleni nzima ikaangua kicheko na makofi. Mlinzi alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Akavuta komeo, akafungua lango, mabawa yote mawili, kana kwamba linapita gari kubwa, na Zipu akaingia nao, kichwa juu.

Mle ndani mpimaji alikuwa akitokwa na jasho. "Ni mgonjwa mmoja huyu, au mmeniletea kijiji?" Na kwa kila mmoja aliuliza, "Wewe ni nani wake?" Kaka. Kaka. Mjomba. Shangazi, tena usicheze na mimi. Kaka. Mwalimu alijikohoza akasema, "Babu. Lakini babu mpya." Kioo alipofika kwenye kiti aliufunga mdomo na kufumba macho hadi sindano ikatoka, kisha akafungua jicho moja, akauona mfuko umejaa, mwekundu kama wa kila mtu, akacheka peke yake.

Kwenye benchi walikokuwa wakipewa soda, Bi Spana alimsogelea Kioo. "Kijana una mikono mizuri. Mbona hujawahi kuja gereji kwangu kuomba kazi?"

"Nimekuja mara mbili, mama. Mlinzi wako alinifukuza."

Bi Spana akamshika bega. "Kesho njoo. Mwambie umeitwa na mimi. Akibisha, niite kwa sauti."

Jua lilikuwa limeanza kulegea alipoingia mwanamke mmoja akikimbia kwa kuchechemea. Zipu alimtambua kwa kisigino kilichopasuka kabla ya kuinua uso. Alikuwa dada wa mapokezi.

"Bosi hakuja," alisema akihema. "Nimekuja mimi. Nimechelewa?"

"Wewe ni nani wake?" aliuliza mpimaji.

"Simjui mgonjwa. Mimi ni rafiki wa dada yake."

Zipu akageuka nyuma kutazama ni dada gani huyo mwenye rafiki, kisha akakumbuka.

* * *

Redio alikuwa amelala, uso umepauka, mikono yote miwili juu ya tumbo. "Umepata watu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Zipu alisogeza pazia la dirisha lililokuwa kando ya kitanda. "Geuza kichwa."

Redio akageuza. Akaiona ile foleni ya watu uani. Machozi yakamteremka hadi masikioni. "Nani amewaita?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa mdomo huo?"

"Kwa mdomo huu huu."

Wakacheka, Redio akishika tumbo, hadi muuguzi akawakemea.

"Ni watu wako," alisema Zipu. "Miaka yote nilikuwa nakwambia unapoteza miguu bure. Nimekuwa mjinga, Redio."

"Mimi nilikuwa hapa kitandani," alisema Redio. "Sikumwita hata mmoja. Na yule mzee wa sokoni anayenisimulia kila siku ulivyomshonea, je, hakuja kwa ajili ya kiatu chake? Usinibebeshe mzigo wote, mwenzangu, niko na mimba."

Kesho yake asubuhi walimpeleka. Zipu alisubiri koridoni, na hakusubiri peke yake. Bi Spana alikaa kulia, kinyozi kushoto, na kila mtu aliyepita alilazimika kuruka miguu ya wachukuzi. Mlango ulipofunguka, daktari alikuwa ameloa jasho, barakoa shingoni.

"Ilitoka nyingi," alisema. "Nyingi sana. Tulitumia yote tuliyoweka tayari, tukaita nyingine, na nyingine ilikuwepo." Hapo ndipo alipotabasamu. "Mama yuko salama. Mtoto ni wa kike, na anapiga kelele kweli kweli."

Damu iliyomwingia Redio ilikuwa ya nani, hakuna aliyejua. Ya fundi, ya mchukuzi, ya kijana wa taa za barabarani, au ya mtu wa hospitali ya mbali waliyebadilishana naye. Kila mmoja alidai ni yake, na ubishi huo unaendelea mpaka leo.

Mumewe alifika siku ya pili, vumbi la safari kichwani hadi miguuni, akakimbia hadi getini. Mlinzi akamzuia. Mgonjwa huyo, alimweleza, ndugu zake wameshajaa, hakuna nafasi.

"Mimi ndiye baba wa mtoto!"

"Wajomba wangapi wameniambia maneno ya kuingilia humu! Subiri."

Ikabidi Kioo, ambaye sasa alikuwa amevaa ovaroli ya gereji iliyomzidi mikono, atoke kwenda kumtambulisha. "Huyu ni shemeji," alimwambia mlinzi. "Mwache apite. Niko naye mimi." Naye mlinzi akampisha.

Siku walipomrudisha nyumbani, Redio alitembea taratibu, mumewe amemshika kiunoni. Mtoto alibebwa na Zipu. Walipofika kwenye jengo lile kuukuu, korido ilikuwa imejaa watu hadi ngazi za juu, wengine wamekaa, wengine wamening'inia kwenye vyuma vya pembeni, na Redio, aliyekuwa bado dhaifu, akafungua mdomo ili aanze salamu.

Lakini Zipu alikwisha kumtangulia. Alikuwa amefunua shuka usoni mwa mtoto, anapanda ngazi moja moja, akisimama kwa kila mtu.

"Huyu ni mjomba wako kinyozi, nywele zako hizi za kwanza ni zake, usimpe mtu mwingine. Huyu ni babu mwalimu, sasa amenyolewa pande zote, mwone alivyo mtanashati. Huyu ni shangazi yako Spana. Usimwogope, sauti ndiyo kubwa, moyo wake mlaini. Huyu anafanya kazi kwenye jengo la vioo, ni rafiki yangu, kiatu chake nimekimaliza jana. Na hawa watatu ni kaka zangu, kwa hiyo na hawa ni wajomba, una wajomba wengi mpaka utachoka kuamkia. Ngoja, hatujamaliza, juu huko bado kuna wengine..."

"Zipu," alisema Redio kutoka chini, akicheka na kufuta machozi, "mtoto apumue basi!"

Zipu hakumsikia. Alikuwa akiendelea kupanda, mtoto kifuani, akiwaita watu kwa majina yao.